Kondo Anakandika Peke Yake

Pale Tandika, barabara ya vumbi inapokata kuelekea Yombo, ndipo penye kijiwe cha Shomari Dele. Gogo moja la mnazi, benchi moja lenye mguu wa kitanda, jiko la mkaa, na dele la kahawa ambalo Shomari anasema kalirithi kwa babu yake, na watu wanamwamini, maana linaonekana halijasuguliwa tangu babu afe. Ukikaa pale saa kumi za jioni jua liko kisogoni, barabara yote iko mbele yako, na hakuna linalokupita: nani kabeba nini, nani kamfuata nani, nani kakaanga samaki siku isiyokuwa ya mshahara. Wenye kijiwe chao wanajua mambo ya Urusi, ya Marekani na ya mwezini, na wakibanwa wanajua pia mambo ya jirani. Lakini Jumapili ile kulikuwa na jambo moja ng'ambo ya barabara, mbele ya macho yao, ambalo kila mmoja alikuwa anajikaza asilijue. Kondo alikuwa anakandika ukuta wake peke yake.

Sasa, ambaye hajawahi kukandika nyumba ya udongo na aambiwe: ukuta wa fito si kazi ya mtu mmoja. Mmoja anasimama nje, anapiga donge la udongo katikati ya fito. Mwingine yuko ndani, kaweka viganja, anapokea. Udongo wa nje na wa ndani unakutana, unashikana, na hapo ndipo panakuwa ukuta. Ukijitia kufanya peke yako, donge linapita kwenye fito kama mgeni asiyebisha hodi, linaangukia ndani, po! Unazunguka kulifuata, unalirudisha, linaangukia nje. Ndiyo maana siku ya kukandika ni siku ya mtaa mzima, wanaume udongo, wanawake maji na uji, watoto kelele.

Kondo hakuwa na mtaa. Ilianzia kwenye mkutano wa nyumba kumi. Mpangaji wake, binti wa kutoka Ndanda aitwaye Yustina, hakuonekana Jumamosi ya kuchimba mtaro, siku ambayo kila mtu alitakiwa ashike jembe la kujitolea. Kabla hajaulizwa alishafunga mzigo, karudi kwao. Basi akaulizwa mwenye nyumba. Kondo akasimama, akasema, "Alikokuwa nakujua. Kusema sisemi, maana si jambo langu." Akaulizwa tena, akajibu vilevile. Mtaa ukakasirika, na si kwa ajili ya mtaro, maana mtaro wenyewe ulikuwa umeshajaa takataka. Kilichowachoma ni kwamba kuna mtu anajua jambo na hasemi. Ikapitishwa kwa mikono juu: asiyesema nasi, nasi hatusemi naye, na atakayemsemesha, naye hatasemeshwa. Baadaye upepo wa mvua ukaangusha ukuta wa mbele wa nyumba ile. Mkewe alikuwa mzazi, amelala chumba cha nyuma na kichanga chake, na mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujazana upande wa Pugu.

Mwinshehe Msasa, fundi seremala, alikaa ncha ya gogo na kikombe mkononi, na kahawa ilikuwa haimshuki. Yeye na Kondo walitiwa jando pamoja huko Chanika, walilala kumbi moja, na mtu uliyelia naye kumbini humsahau ukiwa na akili zako. Mkono wake ulikuwa wa mwisho kupanda siku ile ya mkutano, lakini ulipanda. Na leo alikuwa na lake zito zaidi. Binti yake, Tabu, anaolewa Jumamosi inayokuja. Bwana harusi anatoka Kunduchi, anakuja na ukoo mzima, na wapishi wa Mwinshehe ni wanawake wa zile nyumba kumi, na masufuria ni ya kwao. Akimfumbulia Kondo mdomo leo, Jumamosi wakwe watakuta mafiga hayana moto. Aibu hiyo Tabu angekwenda nayo ukweni, na isingefutika mpaka azeeke. Hapo ndipo Mwinshehe alipokwama: Kondo kule, Tabu huku.

Po! Donge likaangukia ndani ya nyumba ya Kondo.

— Profesa, hebu tupe kitabu bwana, alisema Anselmo Mpingo kwa haraka, kama mtu anayeziba sauti ile. Jana umetuacha pabaya.

Anselmo alikuwa Mmakonde, mchonga vinyago, kipara kimeng'aa kuliko kazi zake. Profesa ni Theonest, kijana wa Bukoba, anafanya kazi kiwanda cha nguo. Alikuwa na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada. Anakisoma kimoyomoyo, kisha anawasimulia kwa Kiswahili, na kijiwe kizima kilikuwa kimenasa. Mwinshehe aliwahi kuchungulia ukurasa mmoja akaona picha ya gurudumu na mikanda ya mashine. Akanyamaza. Mtu akikukaribisha wali humuulizi mchele kanunua wapi.

— Basi, alianza Theonest, mji wenyewe, kwa aliyechelewa, ni mji safi. Hauna mwizi, hauna njaa, hauna mlevi.

— Basi huo si mji, ni makaburi, alisema Shomari akimimina kahawa.

— Acha asimulie! Hilo lilikuwa jibu la Nassibu, balozi wa nyumba kumi, aliyeitwa Tarumbeta kwa sababu hata akinong'ona anasikika Mtoni.

— Kila jioni inalia kengele, aliendelea Theonest. Kila mtu anasimama mlangoni pake, anatangaza kwa sauti yote aliyoyafanya mchana. Nimelima. Nimefua. Nimemnunia mke wangu. Na majirani wanamjibu kwa pamoja: Tumesikia.

— Utaratibu mzuri huo, alisema Balozi.

— Sasa kuna fundi viatu mmoja. Siku hiyo kengele imelia, kasimama mlangoni, kasema: Leo nimefanya langu. Kaingia ndani.

— Langu lipi? aliuliza Anselmo.

— Ndivyo na wao walivyomuuliza. Akajibu: langu.

Kijiwe kikachemka. Hapo ndipo walipokuwa wanapapenda, mahali penye tundu la kuingizia maneno yao.

— Mie nimeshamjua, alisema Shomari. Ana mke wa pili. Mwanamume akisema langu, ni mwanamke.

— Wewe unawaza wanawake tu, alisema Anselmo. Yule alikuwa anachonga. Anachonga kinyago cha huo mji wote, na hao watu wote wamo, wamepinda midomo. Sasa atawaonyeshaje? Akili ni nywele.

— Wewe nywele zenyewe huna.

— Ndiyo nasema! Kila mtu na zake.

— Nyie watoto, alisema Balozi. Yule ni mtu katumwa. Ana redio ya kunong'ona chini ya kiatu, anaongea na mabeberu. Fundi viatu, mnaona? Kisigino hicho, nani atakifungua?

— Labda halikuwa lake, alisema Mwinshehe.

Wote wakamgeukia.

— Labda lilikuwa la mtu mwingine, alisema tena, taratibu, macho kwenye kikombe. Kaambiwa kwa amana. Akasema langu ili asimtaje mwenyewe.

Ng'ambo ya barabara, po!

— Endelea, Profesa, alisema Anselmo.

— Basi mji ukamfuta.

— Wakamuua?

— Kuua ni dhambi, na mji ule hauna dhambi. Walimfuta tu. Akipita, hawamwoni. Akienda kununua mkate, muuza mkate anatazama mbinguni mpaka aondoke. Mtoto akiuliza, mama, yule nani? anaambiwa, yupi? Huo ni upepo. Na yeye kila asubuhi anatoka, anawasalimia wote, mmoja mmoja kwa jina.

— Wanamjibu? aliuliza Shomari, dele likiwa hewani.

— Hawamjibu.

— Hawamjibu! Shomari aliweka dele chini kwa kishindo. Kuanza salamu ni suna, kujibu ni faradhi! Ni watu gani hao?

— Washenzi, alisema Balozi. Tena washenzi wenye kengele.

— Na yeye anafanyaje? aliuliza Anselmo. Anawatukana?

— Anawasalimia tena kesho yake.

— Kwa majina?

— Kwa majina, na anawaulizia na watoto wao.

— Dume! Anselmo alijipiga paja. Huyo ndiye mtu! Mie ningewachomea mji, wallahi, na Ukristo wangu huu. Yeye anauliza watoto hawajambo! Mnaona moyo huo? Nipeni mpingo wa kutosha nimchonge huyo bwana asimame hapa kijiweni, kila apitaye avue kofia.

— Mimi ningekuwa balozi wa mtaa ule, alisema Nassibu, na sauti ilikuwa imelegea kidogo, ningemtetea. Haki ya Mungu ningemtetea. Mtu kama yule ni hazina ya nchi.

Wakati huo huo Kondo alikuwa anavuka barabara na debe tupu. Bomba la mtaa lilikuwa hatua chache kutoka kijiweni. Alikuwa mtu mfupi, kifua wazi, udongo umemkaukia mpaka kwenye nyusi. Alikinga maji yake bila haraka. Debe lilipojaa alijitwisha, akageukia kijiwe, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyelala vizuri:

— Asalaam aleikum, wanakijiwe. Shomari, mguu wa mama umepoa? Anselmo. Profesa. Balozi, watoto hawajambo? Msasa.

Shomari aliinama akachochea mkaa uliokuwa unawaka vizuri tu. Anselmo akapapasa kipara kana kwamba kuna kitu kimeota. Theonest akafungua kitabu. Mwinshehe aliikodolea macho kahawa mpaka akauona uso wake ndani ya kikombe, na hakuupenda. Na Balozi Nassibu alikuwa ametazama juu mbinguni.

Kondo aliweka debe sawa kichwani, akavuka barabara, akarudi kwenye ukuta wake.

Balozi akashusha macho polepole. Akaangaza mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kama aliyeamka kwenye nyumba ya watu. Theonest hakumtazama, alikuwa anageuza kurasa, lakini masikio yalikuwa yamemwiva.

— Kuna kikao tawini, alisema Balozi, na safari hii alinong'ona kweli. Nilisahau.

— Jumapili? aliuliza Shomari.

— Dharura.

Akaacha kahawa nusu kikombe, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu kijiwe kiwe kijiwe, akapotelea uchochoroni.

— Uongozi ni mzigo, alisema Anselmo akiichukua ile nusu.

Wakasubiri Theonest aendelee, lakini kabla hajaanza, Shomari aliinua kidole.

— Sikilizeni.

— Nini?

— Hakuna po.

Kweli. Kondo alipiga donge, likakaa. Akapiga jingine juu yake, likakaa. Upande wa kulia wa ukuta ulikuwa unapanda, mzito, umenyooka. Mwinshehe alisikia kitu kimemruka kifuani, akakibana.

— Kaongeza kitu kwenye udongo, alisema Anselmo. Utomvu wa mkorosho. Kwetu Newala ukimwagikiwa na utomvu wa mkorosho umeketi, utaondoka na kigoda chako mpaka kanisani.

— Mkorosho wapi, alisema Shomari. Ile ni dawa ya Wachina wa reli. Wana maji yao kwenye kopo, ukipaka chuma na chuma, vimeoana. Kondo alifanya kibarua kule relini, kaja na kopo lake. Ndilo lile analoficha! Mnaona sasa? Hakuna cha Yustina wala nini. Kopo!

— Kopo moja ukuta mzima?

— La Kichina.

— Hapana, alisema Theonest kwa upole. Labda ukuta umechoka kumwona anahangaika.

— Ukuta hauna huruma, alisema Anselmo. Angekuwa na akili angeliwahi. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa si anajenga?

— Ufa ulikuwa wapi? aliuliza Shomari. Upepo ndio uliouangusha.

— Methali haiulizi upepo.

Theonest akasimama, akajipangusa suruali.

— Na kitabu? Shomari aliruka. Fundi viatu je? Utatuacha hapa?

— Zamu yangu kiwandani. Nitawaambia nikirudi.

— Si ulisema wiki hii unaingia asubuhi?

— Wamebadilisha, alisema Theonest. Akamwamkia Mwinshehe shikamoo ya kuagana, ambayo si desturi, akaishika njia ileile ya uchochoro aliyopita Balozi.

Haukupita muda, ukuta wa Kondo ukaanza kupanda pande zote mbili. Kulia na kushoto. Mtu mmoja nje anakimbia huku na huku na madonge, hapumziki, na kila anachopiga kinakaa. Upepo wa Pugu ukaleta harufu ya mvua.

— Jini, alisema Shomari. Sasa nimekubali. Ni jini mwashi. Yuko ndani anasukuma kwa viganja saba. Nilimsikia shangazi yangu akisema majini ya Pemba yanajenga msikiti kwa usiku mmoja.

— Jini linalofanya kazi Jumapili mchana kweupe? Anselmo alitikisa kichwa. Hilo limetoroka kwao. Mie nasema hivi: udongo wa pale umekolea marehemu. Kulikuwa na makaburi zamani. Sasa wazee wa chini wamemhurumia, wanampokelea.

— Kwa hiyo wafu wanamsaidia.

— Ndiyo.

— Na sie wazima tumekaa.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema Anselmo.

— Sasa si ndiyo tukamsaidie?

— Aa, chawa si ni wake?

Mwinshehe alikuwa ameiona njia ile ya uchochoro. Inapita nyuma ya choo cha Balozi, inazunguka mgomba, na inatokea kwenye mlango wa uani wa Kondo. Kila mtu pale alikuwa anaijua njia ile. Na kila mmoja alikuwa ameamua kuongea habari za majini.

Hapo akafika mwanamke mmoja mgeni na kapu la mihogo kichwani, katokea Chanika kwa miguu, kanga imejaa vumbi. Akatua kapu, akaomba maji. Shomari akampa. Akanywa akiwa amesimama, huku anamtazama Kondo, jicho la mtu aliyekandika nyumba nyingi maishani mwake.

— Hamjambo baba zangu.

— Hatujambo mama, za safari?

— Njema tu. Akarudisha kikombe. Yule baba anakandika vizuri.

— Ndiyo, alisema Anselmo kwa tahadhari.

— Na ndani anapokea nani?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia. Anselmo akamtazama Shomari. Shomari akalitazama dele, akalitikisa, likasikika machicha ya kahawa tu. Utomvu wa mkorosho, kopo la Wachina, viganja saba na wazee wa chini, vyote vilikuwa vimeisha.

— Mama, alisema Anselmo mwishowe, sie hatujui.

— Mmekaa hapa mnamwangalia na hamjui?

Akacheka kidogo, cheko la kuwahurumia, akajitwisha mihogo yake, akaenda zake Temeke.

Mwinshehe akasimama. Akavua kofia yake ya kiua, akaikunja, akaitia mfukoni.

— Unakwenda wapi, Msasa? aliuliza Anselmo.

— Sina kikao, alisema Mwinshehe. Wala sina zamu.

Akaenda. Hakwenda kwa moyo mkuu, tusimsingizie. Kila hatua aliyapiga mahesabu ya Tabu: mama fulani atanuna, mama fulani ataficha sufuria lake, watu wa Kunduchi watakaa kwenye mikeka wanatazamana. Mara mbili alisimama kwenye uchochoro, mara moja alirudi hatua kadhaa. Kisha akafika penye mgomba, akainama, akaingia mlango wa uani.

Ndani kulikuwa na giza la udongo mbichi. Kichanga kilikuwa kinalia chumba cha nyuma na mama yake anakibembeleza kwa sauti ya chini. Upande wa kushoto wa ukuta alisimama Theonest, suruali imekunjwa magotini, kile kitabu kakiweka juu ya mtungi kisichafuke. Upande wa kulia, udongo mpaka viwiko, udongo mpaka kwenye ndevu, alikuwa Balozi Nassibu Tarumbeta.

Walitazamana. Mwinshehe alitaka kucheka, akataka kulia, vikagongana.

— Balozi.

— Shh! Nassibu aliweka kidole mdomoni, akajipaka tope midomoni. Sema polepole, wenye kijiwe watasikia. Shika hapa katikati, Profesa peke yake hapawezi.

— Na lile azimio la mtaa?

— Nimelitazama vizuri, alinong'ona Balozi. Tulipitisha tusimsemeshe. Kukandika hakukutajwa. Mimi tangu nimeingia sijatamka neno.

— Yeye anajua ni sisi?

— Anajua kuna mtu. Kila akipiga donge anatusalimia.

— Na nyie?

— Tunapokea udongo, alisema Balozi. Salamu hatupokei.

Theonest alikuwa ameinamisha kichwa. Mwinshehe akaweka viganja vyake kwenye fito, katikati, palipokuwa wazi. Kupitia nafasi zile aliona kipande cha kifua cha Kondo, kinapanda na kushuka, na jasho linachora njia kwenye tope. Donge likaja. Akalipokea. Lilikuwa la moto wa jua, na nyuma yake alisikia kabisa mkono wa mwenzake unasukuma, mkono aliouzoea tangu wako watoto wanagombania chungu cha ugali kumbini.

— Asalaam aleikum, mlio ndani, alisema Kondo.

Hakuna aliyejibu. Balozi alimtolea Mwinshehe macho makali, macho ya mtu anayeomba. Mwinshehe aliyaelewa. Ukitoa sauti hapa, basi, hakuna tena wa kujificha, si wewe wala mimi. Akamwona Tabu amekaa kitandani na hina mikononi, anangoja harufu ya pilau isiyokuja. Moyo ukamuuma kweli, maana alimpenda mtoto yule kuliko macho yake. Akafikiri, atanilaumu. Kisha akafikiri, na akiolewa na mtu asiyejibu salamu, je, mimi ndiye niliyemfundisha kwamba ni sawa?

— Waaleikum salaam, Kondo! alisema.

Haikutoka ya kunong'ona. Ilitoka ya jandoni, ya kuitana porini, na ng'ambo ya barabara vikombe vya Shomari vikaacha kugongana.

Nje udongo ukakoma. Balozi alishika kichwa kwa mikono miwili, akasahau ina tope.

— Shikamoo, mzee Kondo! alisema Theonest. Ni mimi Theonest.

Wakasikia mtu anapenga kamasi. Wakasikia anatema mate, anakohoa, anapoteza wakati.

— Marahaba, alisema Kondo. Kisha baada ya kitambo: Msasa. Harusi ya Tabu lini? Nasikia ngoma za majaribio lakini sikupata wa kumuuliza.

— Jumamosi, alisema Mwinshehe. Jumamosi hii. Njoo. Sina hakika kama kutakuwa na wapishi, lakini wewe njoo.

— Kama hakuna wapishi, wali naujua. Nilipika jeshini. Unaungua chini kidogo lakini juu unalika.

Wakamgeukia Balozi. Alikuwa amesimama pale na ukuta wake, mtu mkubwa wa nyumba kumi, tope linamdondoka nywelini, midomo inajongea bila kutoa kitu. Juu ya bati matone ya kwanza yakaanza kugonga, moja moja. Mlango wa uani ukalia, na kipara cha Anselmo kikaingia kimeinama, Shomari nyuma yake na dele tupu mkononi, kana kwamba walitumwa maji. Balozi akawaona. Akayatazama matone. Akatazama pale juu, kwenye kona, palipokuwa bado na fito tupu na mwanga unaingia.

— Ndugu Kondo, alisema, kwa sauti ile yake ya mkutanoni inayosikika mpaka Mtoni. Huku kona ya juu bado udongo.